Nilisema Chuma

Mtu akiniita bibi nikiwa na miaka arobaini na minane, asitegemee majibu mazuri. Ndivyo nilivyo, na kijiji kizima kinajua. Mhandisi Ruan hakujua. Alikuwa mgeni, mtu wa kusini, anaongea kama ana kiazi cha moto mdomoni, na asubuhi ile ya mwezi wa tatu alinifuata juu ya tope na viatu vyake vya mpira, akawa anakanyaga palepale nilipokuwa nimeanza kukanyaga mimi.

Sisi kazi yetu ni kukanyaga. Maji yakipwa tunatoka, wanawake kwa wanaume, miguu mitupu, tunakwenda hadi kwenye matope ya nje kabisa ambayo Mto Njano umeyamwaga baharini miaka nenda miaka rudi. Ukifika mahali unapopajua unasimama, unaanza: kushoto, kulia, kushoto, kulia, papo hapo, kama mtu anayekanda unga kwa visigino. Mwanzoni chini ni kugumu. Ukiendelea kunatoka jasho, maji yanapanda kati ya vidole, halafu kunalegea, halafu kunakuwa uji. Kome wanapanda juu wenyewe, wanene, unainama unaokota. Ukiondoka pale panatulia, na kesho yake panakuwa pagumu kuliko jana.

Na kuna sehemu za nje zaidi tunaziita chuma. Juu pagumu, unapita unasikia kisigino kinagonga, hata baiskeli inapita. Ila usisimame. Simama tu uwashe sigara, hamisha uzito mguu huu na huu, dakika tano uko magotini, na ukianza kupapatika uko kiunoni. Mtoto wa kwetu akianza tu kutembea anaambiwa: kule ni chuma, usisimame. Miaka ikapita, hilo la pili likaachwa kusemwa kwa sababu kila mtu analijua. Mtu akisema "kule ni chuma", mwenzake anaongeza mwendo. Basi.

"Bibi, samahani," Ruan aliniambia, "kule mbele ya kigingi chekundu, chini kukoje?"

"Bibi yako yuko kwenu."

Akacheka, akidhani namtania. Mimi sikuwa natania. Maji yalikuwa yameanza kurudi, kikapu changu hakijafika nusu, na yeye kasimama juu ya kome wangu.

"Nauliza tu, mama. Ni kugumu au kulaini?"

"Chuma."

"Chuma kweli?"

"Chuma tupu. Nenda kajionee."

Nilisema hivyo kwa ubaya, nakiri. Nilitaka aende na viatu vyake akasimame huko kigingini na daftari lake, azame hadi kwenye mkanda, aite watu. Hakwenda. Alitoa kalamu mfukoni, akaandika, akanishukuru, akarudi ufukweni. Nilimwona kwa macho yangu akiandika.

Kigingi chekundu ndicho mwisho wetu. Hata siku za bamvua kubwa, maji yanapokimbia mbali kuliko siku zote za mwaka, mbele ya kigingi hatuendi, maana maji hayatoki tena. Kwa hiyo hata hicho nilichomwambia nilikuwa nakisia. Tope la chuma linaanza kabla ya kigingi, nikasema bila shaka mbele linaendelea. Na nilijua hawa watu wana mashine. Watapima wenyewe. Nani ataweka kitu baharini kwa neno la mwanamke mwenye kikapu?

Mwezi wa sita walileta jukwaa. Ni sahani kubwa ya chuma yenye miguu minne mirefu. Linavutwa na meli likielea, likifika linashusha miguu chini, halafu majeki yanalinyanyua jukwaa zima hadi juu ya maji, linasimama kama meza. Kazi yake ilikuwa kufukia bomba la mafuta lililofunuka chini ya bahari. Lilisimama kilomita mbili mbele ya kigingi chekundu, kwenye maji ya mita sita hivi. Kutoka kwenye mlango wetu unaliona.

Mume wangu, Chu Lianfu, alipata kazi huko. Alikuwa amechoka kukanyaga, magoti yamekwisha. Alirudi nyumbani siku ya kwanza amevaa ovaroli la rangi ya chungwa, akazunguka uani kama jogoo hadi jirani akamwambia inatosha. Kazi yake ilikuwa kusoma alama. Kila mguu umepakwa namba kutoka chini kwenda juu, mita kwa mita. Unaangalia maji yamefika namba gani. Maji ya bahari yakipanda, namba za miguu yote minne zinapanda pamoja, hakuna neno. Lakini mguu mmoja ukisoma zaidi ya wenzake, maana yake huo unazama chini.

"Wananilipa kwa kuangalia," aliniambia, "wewe unaangalia bure siku nzima mambo ya watu."

"Na wewe unaangalia hata huoni. Supu imemwagika kwenye ovaroli lako."

Ndivyo tulivyokuwa tunaongea, miaka ishirini na sita. Watu waliodhani tunagombana hawakutuelewa.

Sasa niseme ukweli. Nilikumbuka. Siku aliponiambia jukwaa limesimama wapi, lile neno lilinirudia. Nilikaa na bakuli langu la tambi mkononi nikataka kumwambia, Lianfu, mwezi wa tatu kuna mtu aliniuliza. Sikusema. Niliona nikisema, yeye atakwenda kuwaambia, na watalihamisha jukwaa au watamfukuza, na ovaroli litarudi dukani. Badala yake nikamuuliza tu, miguu imesimama vizuri?

"Imesimama tuli. Wiki tatu haijashuka hata unene wa kidole."

Roho ikatulia. Nikaongeza kitunguu kwenye bakuli lake, nikaliacha hilo jambo.

Upepo wa kaskazini mashariki ulikuja mwezi wa tisa, tarehe ishirini. Redio ilisema ungefika usiku. Ulifika saa tano asubuhi. Kampuni ilikuwa imepanga jioni jukwaa lishushwe majini livutwe bandarini, na sasa haikuwezekana. Jukwaa ukilishusha kwenye mawimbi linapigwa kutoka chini, linapasuka. Wakaamriwa wabaki juu, wangoje. Wanaume kumi na wawili.

Mimi nilikwenda kwenye banda la Mzee Gai. Ni mnunuzi wetu wa kome, na ana redio koli yenye mlingoti mrefu kuliko wote pwani hii, kwa ajili ya boti zake. Nilikuta wake wengine wameshafika, wamekaa kwenye magunia, wanakula mbegu za alizeti na kutema maganda chini kwa woga. Mzee Gai alikuwa amekalia kiti chake mbele ya redio kama mwenye nyumba.

"Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia," alituambia, kwa mara ya kumi nadhani. "Ngoja mwenzako aachie. Usikie ule mlio wa tii ndipo ubonyeze. Wawili mkibonyeza pamoja hakuna anayepata kitu. Mnanielewa, au mnatafuna tu?"

Na sauti ya mume wangu ikatoka kwenye lile sanduku.

"Mguu wa kwanza, saba. Wa pili, saba. Wa tatu, saba. Wa nne, saba. Nani yuko hapo? Mzee Gai? Mke wangu amekuja?"

Mzee Gai akanipa kidude cha kusemea.

"Nimekuja kunywa ile pombe yako ya mtama," nikamwambia. "Naona kama hurudi leo."

"Gusa uone."

Wanawake wakacheka. Nikamsikia na yeye anacheka, na nyuma yake upepo ulikuwa unapiga mluzi kwenye nyaya. Alisema mawimbi ni ya kawaida, marefu kidogo tu, yanapita chini ya jukwaa kwa utaratibu. Alisema kwa utaratibu. Mimi hilo ndilo lililonishtua.

Kwa sababu najua kukanyaga ni nini. Si nguvu. Mtu mzito akiruka mara moja juu ya tope hapati kome hata mmoja. Ni utaratibu: kanyaga, achia, kanyaga, achia, bila kukoma, mpaka maji yaliyomo ndani ya tope yakose pa kutokea na chembe ziachane mikono. Wimbi likipita juu linakanyaga. Likiondoka linavuta. Kisha lingine. Mimi nikikanyaga mara mia mbili nimechoka, natafuta pa kukaa. Bahari ilikuwa imekanyaga tangu saa tano, na hiyo ilikuwa saa nane.

"Mzee Gai," nikasema, "mwambie Lianfu asome mara kwa mara."

"Anasoma kila robo saa."

"Asome kila dakika tano."

Akanikata jicho, lakini akamwambia. Lianfu akajibu kwamba mkewe ameshakuwa bosi. Akasoma. Saba na nusu, saba na nusu, saba na nusu, saba na nusu. Maji yalikuwa yanajaa tu. Akasoma tena. Nane, nane, nane, nane. Mwanamke mmoja akaanza kusimulia habari za harusi ya binti yake. Akasoma tena.

"Mguu wa kwanza, nane. Wa pili, nane. Wa tatu, nane na nusu. Wa nne, nane."

Habari za harusi zikaishia hapo.

Ruan aliingia muda huo, amelowa mpaka chupi nadhani, nywele zimemganda usoni. Ofisini kwao redio haikuwa inashika vizuri, ndiyo maana alikimbilia kwetu. Aliomba kidude, akazungumza na Zang Baoting, bosi wa jukwaa, mtu wa makamo ambaye nilikuwa bado sijamwona ila sauti yake nzito nilikuwa naijua. Zang alisema jukwaa limeanza kuegemea upande wa mguu wa tatu, kidogo, kikombe cha chai kinateleza mezani chenyewe. Aliuliza anyanyue upande huo kwa jeki au asinyanyue.

"Usinyanyue," Ruan alisema. "Ukinyanyua unaongeza uzito kwenye mguu huohuo. Chini hapo ni kugumu, utasimama tu. Nilipima. Nilichoma fimbo mahali tisa."

"Hapa ukutani kuna karatasi yako ya vipimo," Zang alisema. "Imeandikwa: tope gumu, na wenyeji wanathibitisha ni chuma."

Kidude cha kule kilinyakuliwa, tukasikia kikigonga kitu. Alikuwa Lianfu.

"Nani kasema chuma? Mzee Gai, unasikia? Wameambiwa hapa ni chuma, na wakasimama! Ni mpumbavu gani wa pwani hii kamwambia mgeni hapa ni chuma bila kumwambia asisimame? Nikirudi namtafuta. Nitamzamisha kichwa chini kwenye pipa la kome, nimkanyage mpaka apande juu mwenyewe."

Banda zima likacheka. Watu wakiogopa wanacheka kwa urahisi. Mimi sikucheka. Niligeuka, nikakuta Ruan ananitazama, na nikaona ananikumbuka: kikapu, tope, bibi.

Alimuuliza Mzee Gai polepole, "Kwani chuma kwenu ni nini?"

"Chuma ni usisimame," Mzee Gai alisema. "Kwani wewe ulidhani ni nini?"

Nimewahi kuona mtu akipewa habari ya msiba. Uso wa Ruan ulikuwa hivyo. Akanitazama tena. Hakunitaja. Sijui alinihurumia mimi au alijihurumia mwenyewe. Tulisimama pale tunatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye ghala moja.

Nikamvuta pembeni, karibu na mizani.

"Ulipima siku gani?"

"Mwezi wa nne. Siku tatu."

"Bahari ilikuwaje?"

"Shwari. Bila shwari huwezi kupima."

"Basi ulipima tope likiwa limelala," nikamwambia. "Sasa limeamshwa."

Alitikisa kichwa kukubali. Alielewa haraka, hilo lazima nimpe. Alisema wao wana jina lao la jambo hilo, wanalijua, wanalifanyia hesabu, ila hesabu ile alidhani haihitajiki mahali pagumu. Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo naliota.

"Mama, tope litalegea mpaka wapi? Mguu ukizama kidogo utakutana na tope gumu chini yake, au hakuna mwisho? Niwaambie wabaki au niwaambie wateremke kwenye mawimbi haya? Wakiteremka nusu yao watakufa. Wakibaki na mguu ukasimama, watapona wote. Wewe unapajua. Niambie."

Mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa neno. Mimi niliyekuwa na jibu mwezi wa tatu bila hata kufikiri.

"Sijui," nikasema. "Miguu yangu haijawahi kufika huko. Inaishia kwenye kigingi."

"Lakini ulisema..."

"Najua nilichosema."

Redio ikalia tii. "Wa kwanza, nane na nusu. Wa pili, nane. Wa tatu, tisa na nusu. Wa nne, nane na nusu." Sauti yake haikuwa na utani tena. Alikuwa anasoma kama mtoto anayesomeshwa darasani, neno kwa neno, asikosee.

Ruan hakunisubiri tena. Alibonyeza akamwambia Zang ateremshe watu. Zang akasema boti la kujiokolea liko upande wa juu, limelala kwenye ukuta, halishuki. Kuna mpira mkubwa wa kuelea upande wa chini, karibu kabisa na mguu wa tatu, watautumia huo. Mtu mmoja angekaa kwenye majeki. Mtu mmoja angesoma mguu wa tatu mfululizo, ili walio chini wajue kama jukwaa linawaangukia. Hakusema ni nani.

Tulitoka mlangoni. Mvua ilikuwa nyepesi, unaona vizuri tu, saa kumi mchana. Jukwaa lilikuwa pale, dogo kama stuli, na kona moja imeshuka. Mwanamke mmoja alianza kupiga goti kwenye tope na kuomba. Mwingine alikuwa anaita jina la mumewe kana kwamba yuko ng'ambo ya uwanja. Mimi nilitazama bahari ikija, mstari baada ya mstari, haina haraka. Hungeweza kuitukana. Hungeweza kumlipa mtu, wala kumpigia magoti mtu, wala kumkamata shati mtu, aiambie ikome dakika kumi tu. Dakika kumi zingetosha. Tope likiachwa linatulia, linashika. Hilo nilijua kwa uhakika kabisa, na halikuwa na faida yoyote.

Nikarudi ndani. Ruan alikuwa mlangoni na wengine, ameshika kichwa. Mzee Gai alikuwa peke yake kwenye redio.

"Wa tatu, kumi," Lianfu alisema. "Watu sita wako kwenye mpira. Wa tatu, kumi. Watu saba. Kumi na robo. Mzee Gai, mke wangu yuko wapi?"

Mzee Gai aliniachia kiti.

"Niko hapa," nikasema, nikaachia.

"Mama Yaqin." Ananiita hivyo kwa jina la binti yetu akiwa hana utani. "Watu tisa wako kwenye mpira. Kumi na nusu. Tumebaki watatu, tunakata kamba yao ndipo na sisi turuke. Kumi na nusu. Usikae kwenye upepo. Yule mtu wa chuma, msimtafute. Nilikuwa na hasira tu. Hakujua. Kumi na nusu."

Halafu ikalia tii.

Nilipaswa kusema hapo. Nafasi ilikuwa yangu, kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nilivuta pumzi, nikatafuta pa kuanzia, nikaona aibu ya Mzee Gai kunisikia, na nilipokuwa naona aibu, yeye akaanza tena.

"Kumi na nusu. Kumi na robo tatu. Wamekatwa, wanaondoka. Kumi na moja."

Nikajua nikingoja ile tii, ujasiri utakuwa umeniishia. Mimi si mtu wa kungoja. Nilibonyeza.

"Ni mimi," nikasema. "Lianfu, ni mimi niliyesema chuma. Mwezi wa tatu, alinikera, nikamjibu vibaya, na baadaye nilikumbuka nikanyamaza. Ulipokuwa unakula tambi nilikumbuka. Ni mimi, si mpumbavu mwingine. Ruka sasa. Acha kusoma, ruka, njoo unizamishe kwenye pipa."

Nikaachia kidole.

Hakukuwa na tii. Hakukuwa na upepo kwenye nyaya. Kulikuwa na mchakacho tu, kama mafuta kwenye kikaango, na nje watu wote walipiga kelele kwa pamoja.

Mguu wa tatu ulikuwa umekwenda chini mita nne kwa mara moja. Nilipofika mlangoni jukwaa lilikuwa limelala ubavu, na miguu mingine miwili inaelekea juu. Nilirudi kwenye redio nikaita mpaka Mzee Gai akaniondoa mkono, kidole kwa kidole.

Meli ya bandarini iliwaokota wale tisa kwenye mpira, na ikamwokota Zang akiwa ameng'ang'ania boya, mkono umevunjika mahali pawili. Mtu wa majeki aliokotwa ufukweni siku ya tatu. Lianfu hakupatikana. Bahari ikatulia siku ya nne, nzuri, buluu, na wazamiaji walikwenda. Walisema mguu wa tatu na kona yote ya jukwaa viko ndani ya tope, na tope limekuwa gumu hata sululu inadunda. Kampuni ilileta meli mbili kuvuta. Zilivuta kutwa. Jukwaa halikutikisika. Walidhani yuko chini ya kona ile, ndipo aliposimama akisoma, lakini hakuna njia ya kumtoa mpaka tope lilegee, na tope haliwezi kulegea mpaka ije dhoruba nyingine, na dhoruba ikija hakuna mzamiaji atakayekwenda. Ruan ndiye aliyenieleza haya, uani kwangu, amesimama kwa sababu alikataa kiti. Aliniambia ameandika kwamba kosa ni lake. Nilimwambia aandike anavyotaka.

Kijijini walijua siku ileile ya dhoruba kwamba ni mimi, maana Mzee Gai alisikia yote. Hakuna aliyenisema. Ningependa wangenisema. Wananiletea maandazi ya mvuke, wanakaa, wanaondoka.

Nilikwenda hospitali kumwona Zang wiki ya tatu. Nilimpelekea kome waliokaushwa, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikauliza kile kilichonipeleka.

"Ulikuwa karibu naye?"

"Kama mimi na wewe hapa."

"Alinisikia?"

Zang alitazama mkono wake uliofungwa. Niliona anataka kunidanganya, na niliona anashindwa. Ni mtu mkweli, kwa bahati mbaya.

"Alikuwa amebonyeza, mama Yaqin. Alikuwa anasoma. Hakuachia kile kitufe mpaka tulipokwenda chini."

"Na wakati huo mimi nilikuwa nimebonyeza."

"Ndiyo. Nadhani ndivyo."

Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya maji, akatoka. Nilingoja mpaka mlango ufungwe.

"Alisoma ngapi?"

"Kumi na mbili," Zang alisema. "Halafu akasema tena kumi na mbili."

"Mimi nilisikia kumi na moja," nikamwambia. "Hizo nyingine hazikunifikia."